SALAH ANAPENDWA. NA WEWE JE?

(Mada iliyotolewa kwa vijana na familia, Tabaka, baada ya swala ya Tarawehe)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote ni za Allah (S.W.T.), aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Baba zangu, mama zangu, na wewe kijana mwenzangu uliyekaa huko nyuma karibu na mlango ili uwahi kutoka. Leo usitoke, maana mada ni yako. Nimeombwa nizungumze juu ya mpira. Najua wako wazee waliposikia hivyo walitikisa kichwa. Nawaomba subira kidogo. Mwalimu wetu wa madrasa alikuwa akituambia kwamba ukitaka kumjua mtu, tazama anampenda nani na kwa nini. Basi leo tumtazame mtu mmoja ambaye vijana wetu wanampenda sana, Mohamed Salah wa Misri, tuulize kwa nini yeye kuliko wenzake, kisha tujiulize sisi wenyewe.

ANAPENDWA KIASI GANI?

Tembea kutoka stendi ya matatu hapa Tabaka mpaka kwenye machimbo ya mawe, uhesabu jezi utakazoziona. Shabana yetu haikosi, hasa tangu iliporudi ligi kuu mwaka 2023. Tore Bobe! Lakini namba 11 nyekundu ya Salah nayo haikosi, na wengi wanaoivaa si Waislamu. Watoto wanaocheza mpira wa makaratasi wakifunga bao wanaanguka kifudifudi, kipaji chini, na wala hawajui kwamba ile inaitwa sijda. Wanajua tu kwamba Salah hufanya hivyo.

Tarehe 25 Machi 2021 Misri walikuja Kasarani kucheza na Harambee Stars, katika mechi za kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika. Ulikuwa wakati wa korona na viti vilikuwa vitupu. Huku kwetu swali halikuwa Kenya itapanga kikosi gani. Swali lilikuwa: Salah atacheza? Alicheza. Misri wakapata bao mapema kabisa kupitia Magdi Afsha. Dakika ya 65 Abdalla Hassan, kijana wa klabu ya Bandari ya Mombasa, akasawazisha. Mechi ikaisha 1-1. Salah hakufunga bao siku ile.

Sasa fanya jaribio hili kesho. Muulize kijana yeyote: katika mechi ile mchezaji gani mashuhuri alikuja Nairobi? Atakujibu haraka. Kisha muulize: na bao la Kenya alifunga nani? Utaona anavyojikuna kichwa. Mkenya mwenzetu aliyefunga amesahauliwa, mgeni ambaye hakufunga anakumbukwa. Hivyo ndivyo umaarufu ulivyo, ndugu yangu. Haugawanywi kwa mizani ya haki.

JE, NI KWA SABABU ANAWAZIDI WENZAKE WOTE?

Mtu atasema, anapendwa kwa sababu ni bora. Ni kweli ni bora. Msimu wake wa kwanza Liverpool, 2017-18, alifunga mabao 32 katika Ligi Kuu ya Uingereza, rekodi ya wakati ule kwa msimu wa mechi 38. Alichukua kiatu cha dhahabu cha ligi ile mara nne. Hayo hayana ubishi.

Lakini tazama vizuri. Msimu wa 2018-19 kiatu kile kiligawanywa kwa Waafrika watatu waliofungana kwa mabao 22: Salah, Sadio Mané wa Senegal na Pierre-Emerick Aubameyang wa Gabon. Mané ni Muislamu kama yeye, na walikuwa timu moja. Salah alikuwa Mwanasoka Bora wa Afrika mwaka 2017 na 2018, Mané akawa mwaka 2019 na 2022. Tarehe 6 Februari 2022 nchi zao zilikutana katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, na Senegal wakashinda kwa penalti. Riyad Mahrez wa Algeria, naye Muislamu, alinyanyua kombe hilo mwaka 2019 akiwa nahodha.

Na ndani ya Misri yenyewe? Waulize kaka zenu wakubwa habari za Mohamed Aboutrika wa Al Ahly. Yeye alilichukua Kombe la Mataifa mara mbili, 2006 na 2008. Mwaka 2006 alipiga penalti ya ushindi katika fainali, na mwaka 2008 alifunga bao pekee la fainali dhidi ya Cameroon. Wamisri walimpenda mapenzi yasiyo na mfano. Lakini hakucheza Ulaya, kwa hiyo huku Gusii jezi yake hukuiona.

Na sisi Afrika Mashariki tusijidharau. Victor Wanyama wetu alikuwa Mkenya wa kwanza kufunga bao katika Ligi Kuu ya Uingereza. Tarehe 4 Februari 2018 pale Anfield, Liverpool na Tottenham walitoka 2-2. Salah alifunga mawili, na Wanyama akapiga kombora la mbali lililochaguliwa kuwa bao bora la mwezi ule. Mbwana Samatta wa Tanzania alifunga kwa kichwa pale pale Anfield mwaka 2019 akiwa na Genk ya Ubelgiji, na mwaka 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga katika Ligi Kuu ya Uingereza akiwa na Aston Villa. Tuliwashangilia, alhamdulillah. Lakini hawakufika pale alipofika Salah katika nyoyo za watu.

Kwa hiyo ubora pekee hautoshi kueleza jambo hili. Mimi naona sababu tatu.

Ya kwanza ni mahali na kazi. Alicheza ligi inayoonyeshwa katika kila kibanda cha mpira kuanzia Ogembo mpaka Zanzibar, na alicheza mbele, penye mabao, ambapo kamera hukaa. Macho ya watu humfuata anayefunga.

Ya pili ni hadithi yake. Alizaliwa mwaka 1992 Nagrig, kijiji cha wakulima. Alipokuwa kijana alikwenda mazoezini Cairo kwa mabasi, akibadilisha moja baada ya jingine, saa nyingi kwenda na saa nyingi kurudi. Mwaka 2012 watu 74 walikufa katika uwanja wa Port Said, ligi ya Misri ikasimama, na ndipo akaenda Basel, Uswisi. Alipofika Fiorentina mwaka 2015 alivaa namba 74 kuwakumbuka marehemu wale. Kabla ya hapo alikuwa Chelsea, na Chelsea hakung'ara. Alikaa benchi, akaazimwa, watu wakasema amekwisha. Kijana wa Tabaka anayetembea kilomita nyingi kwenda shule anaielewa safari ya mabasi. Na aliyewahi kuambiwa "wewe huwezi" analielewa benchi la Chelsea.

Ya tatu ni kwamba hakuificha dini yake, wala hakuifanya fimbo ya kuwapigia watu. Anafunga bao, anasujudu, anainuka, anacheza. Binti yake amempa jina la Makka. Amekisaidia kijiji chake. Hakuzunguka akijitangaza kwamba yeye ni mcha Mungu, bali alifanya kazi yake na watu wakaona.

MTU WA KATIKATI

Sasa nataka nikutajie mtu mwingine. Anaitwa Mohamed Elneny. Amezaliwa mwaka 1992, mwaka ule ule wa Salah, na mkoa ule ule wa Gharbia. Alichezea klabu ile ile ya El Mokawloon, akaenda Basel ile ile mwaka 2013. Mwaka 2016 akajiunga na Arsenal, akadumu huko mpaka 2024. Mashabiki wa Arsenal mpo hapa, msijifiche, nawaona!

Safari yao ilikuwa moja. Lakini Elneny alicheza katikati. Kazi yake ilikuwa kunyang'anya mpira, kumpa mwenzake, kuziba pengo. Mabao yake yanahesabika kwa vidole. Tarehe 5 Februari 2017, katika fainali ya Kombe la Mataifa dhidi ya Cameroon, ni Elneny aliyeifungia Misri bao, na pasi ilitoka kwa Salah. Cameroon wakarudisha, wakashinda 2-1, na bao lile likasahauliwa pamoja na mechi. Je, Elneny alikuwa mvivu? Alikuwa mbaya? Hapana. Alikuwa mtu wa katikati.

Sisi wa Tabaka jambo hili tunalijua kuliko watu wengi. Tazama kinyago kimoja cha mawe yetu. Kuna mtu aliyeingia shimoni kulichimba jiwe, huku udongo ukining'inia juu ya kichwa chake. Kuna aliyelibeba. Kuna fundi aliyelichonga kwa panga na kisu. Kisha kuna mama aliyekaa na beseni la maji, akalisugua kwa msasa mpaka vidole vikachubuka, akalipaka nta likang'aa. Jiwe likafika Nairobi au Mombasa, mtalii akalinunua, akasema, "Kazi nzuri!" Anamsifu nani? Anamsifu aliyemuuzia. Mama wa msasa hajulikani, lakini bila yeye jiwe ni jiwe tu.

Na futari yako ya leo jioni je? Uji uliupikwa na nani, naye amefunga, amesimama mbele ya moto tangu alasiri? Msikiti huu ulifagiwa na nani kabla hujaja? Vijana, sisi tunawajua wachezaji kumi na mmoja wa kila timu ya Uingereza kwa majina, lakini jina la mzee anayetujazia maji ya kutawadhia hatulijui. Mbele ya Allah (S.W.T.) hesabu haifanywi kwa kamera. Dini yetu imetufundisha kwamba amali hupimwa kwa nia, na kwamba sadaka ya siri ina daraja yake. Basi ukiwa Elneny wa nyumbani kwenu, usivunjike moyo. Yupo anayekuona.

FAIDA YA KUPENDWA

Wengine watasema, basi umaarufu hauna maana. Sivyo. Wasomi wanne walichunguza jambo hili, na makala yao ikachapishwa mwaka 2021 katika jarida la sayansi ya siasa la Marekani. Waliangalia eneo la Merseyside, ambako ndiko uliko mji wa Liverpool. Walikuta kwamba baada ya Salah kuja, makosa ya jinai yanayotokana na chuki yalipungua kwa asilimia 16 ukilinganisha na yale ambayo yangetarajiwa kama asingekuja. Na katika mtandao wa Twitter, maneno ya kuwachukia Waislamu kutoka kwa mashabiki wa Liverpool yalipungua karibu nusu, ukilinganisha na mashabiki wa timu nyingine kubwa.

Subhanallah! Mtu mmoja hakutoa hotuba hata moja, hakubishana na yeyote, na nyoyo zikalainika. Kwa nini? Kwa sababu mtu humwogopa asiyemjua. Wale Waingereza walikuwa wakisikia habari za Waislamu kwenye taarifa za vita tu. Ghafla wakapata Muislamu wanayemwona kila Jumamosi, anayewafurahisha, anayeanguka na kuinuka. Wakamzoea.

Sasa njoo nyumbani. Sisi Waislamu huku Gusii ni wachache, na hapa Tabaka ni wachache zaidi. Jirani yako ni Mkatoliki au ni Msabato. Anamwona Salah kwenye televisheni dakika tisini kwa wiki, lakini wewe anakuona kila siku. Anakuona unavyompigia hesabu ya mawe, kama unampunja au humpunji. Anakuona unavyomsalimia mama yake njiani. Anajua kama ukikopa unalipa. Kwake yeye, Uislamu si Salah. Uislamu ni wewe. Salah anaweza kumfanya mtoto wa jirani aulize, "Kwa nini anaweka kipaji chini?" Lakini atakayeulizwa swali hilo ni wewe, na jibu lake ni maisha yako.

MAMBO MATATU YA KUCHUNGA

Kila pendo lina mipaka. Nina mambo matatu, kisha nitawaacha.

La kwanza ni kamari. Hapa nitasema wazi, maana jambo hili linatumaliza. Salah mwenyewe anacheza mpira, lakini wengi wetu hatuuchezi wala hatuutazami. Tunaubeti. Kijana anakaa kibandani na jezi yake, ukidhani anashangilia, kumbe anaomba mechi saba zingine ziende alivyotabiri. Pesa ya msasa, pesa ya karo, pesa aliyotumwa dukani na mama, yote imeingia kwenye simu. Namjua kijana mmoja mwenye mikono ya dhahabu kwa kuchonga, ambaye kwa mwaka mzima hakununua hata kisu kipya, na kila Jumatatu alikuwa anakopa nauli.

Mimi chuoni tunafundishwa hesabu, basi niwape hesabu kidogo. Chukua tiketi ya mechi 17. Kila mechi ina matokeo matatu: kushinda, kushindwa au sare. Njia za kuijaza tiketi hiyo ni 129,140,163. Moja tu kati ya hizo ndiyo sahihi. Utasema wewe unaujua mpira, hubahatishi. Haya, tuseme una uhakika wa nusu kwa nusu katika mechi kumi tu. Kupata zote kumi ni mara moja katika 1,024. Na anayepanga bei ya kila mechi ni yule yule anayepokea pesa yako. Hapangi apate hasara. Allah (S.W.T.) katika Suratul Maida aya ya 90 ameiweka kamari pamoja na pombe, na katika aya inayofuata akatueleza kwamba shetani huitumia kutia uadui baina yetu na kutuzuia na swala. Waulize kina mama wenye vijana wa kubeti kama uadui haujaingia nyumbani.

La pili ni kuwahukumu watu. Kiswahili chetu kina neno moja, kufunga, la bao na la saumu. Mwaka 2018 maneno haya mawili yaligongana. Fainali ya Klabu Bingwa Ulaya ilichezwa Kyiv tarehe 26 Mei, ndani ya Ramadhan. Kabla ya mechi mtaalamu wa tiba wa Liverpool alisema Salah hatafunga siku hiyo. Salah akaangushwa na Sergio Ramos, akaumia bega, akatoka analia. Dunia ikapasuka. Wengine wakamlaani Ramos, wengine wakasema ni adhabu ya kula mchana. Ndugu yangu, Qur'an katika Suratul Baqara imempa msafiri ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Na Salah alikuwa safarini, mbali na nyumbani kwake. Wewe uliyekaa Tabaka umejuaje lililo baina yake na Mola wake? Aliye hapa kijijini, mwenye afya, hana safari, na anajificha nyuma ya machimbo kula mandazi saa sita, huyo ndiye wa kuulizwa, naye tumuulize kwa upole.

Vivyo hivyo kuhusu Gaza. Mwaka 2008 Aboutrika alifunga bao akaonyesha maandishi ya kuwahurumia watu wa Gaza, akapewa kadi ya njano. Oktoba 2023 watu wengi walimlaumu Salah kwamba amenyamaza, mpaka tarehe 18 alipotoa video akitaka misaada iingie Gaza na roho za wasio na hatia zilindwe. Wengine wakasema amechelewa. Kumtaka mwenye sauti aseme haki si vibaya. Lakini usimtumie Salah kama kisingizio. Wewe uliyemlaumu, je, ulinyanyua mikono ukawaombea dua? Ulitoa hata shilingi hamsini?

La tatu ni wakati. Mechi ya jioni na swala zinagongana. Mpira una marudio, swala ikikupita wakati wake haina marudio. Ukiweza kukaa dakika tisini kwenye benchi la mbao bila kuegemea, basi rakaa za Tarawehe unaziweza pia.

Ndugu zangu, kabla mwezi huu haujaisha, kila mmoja wetu afanye mambo matatu. Mtafute mtu mmoja wa katikati, aliyekuhudumia bila kutajwa, umshukuru kwa jina lake. Mpelekee futari jirani mmoja asiye Muislamu, hata kama ni kikombe cha uji na tende tatu. Na kama una programu ya kamari kwenye simu yako, ifute usiku huu huu, na pesa ya wiki hii umpe mama yako mkononi. Ukishindwa peke yako, njoo kwa viongozi wa chama chetu. Hatutakutangaza, tutakaa nawe.

Salah amependwa na mamilioni wasiomjua. Wewe na mimi tukipendwa na majirani kumi wanaotujua kweli, hiyo si haba.

Ewe Mola wetu, zikubali saumu zetu na visimamo vyetu. Wahifadhi vijana wetu, walipe mama zetu ambao hatukuwashukuru, na utie mapenzi baina yetu na majirani zetu. Amin.